Mikono Miwili ya Kulia

Ukifika Tukuyu ukaulizia mbunifu wa mavazi, watu watakuonyesha njia ya kwenda Mbeya. Uliza fundi, sasa hapo utaonyeshwa mpaka uchoke, maana wamejipanga kwenye vibaraza vya maduka kuanzia stendi hadi sokoni, kila mmoja na cherehani yake na nailoni ya kuzuia mvua. Shadya alikuwa mmoja wao, ila yeye alikuwa na fremu ya duka, ndogo mno, mkiingia wawili wa tatu anasubiri nje. Juu ya mlango aliandikisha kwa rangi ya bluu SHADYA MBUNIFU WA MAVAZI. Watu waliyasoma maandishi hayo, wakatabasamu, wakaingia na kusema, fundi, nipunguzie hii suruali.

Naye alipunguza. Angefanyaje? Alipunguza suruali za mitumba, akabadilisha zipu, akashona sare za shule Januari ikifika. Wakija wale wa magauni, ndio walikuwa wanamuudhi zaidi, maana kila mmoja alikuja na simu mkononi. Nishonee kama huu, fundi. Picha ya mtu wa Dar, picha ya mtu wa Nigeria, picha iliyopigwa gizani huoni hata kola inaishia wapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza, wewe mwenyewe una wazo gani? Shadya aliitaka hiyo siku kuliko alivyotaka kitu kingine chochote: siku ya kuona wanawake wamejipanga kwenye sherehe, wote wamevaa mshono uliotoka kichwani mwake, na watu wanaulizana huu ni mkono wa nani. Usimcheke. Wewe nawe una lako unalolitaka.

Mume wake, Abdala, hakumcheka. Abdala alikuwa mfanyabiashara wa nguo za kuzungusha kwenye magulio. Leo Kisiba, kesho Suma, keshokutwa Masoko, robota limefungwa nyuma ya pikipiki, na tope la Rungwe unalijua lenyewe. Mtu mpole, mcheshi, mwenye mdomo wa biashara. Akirudi jioni alikuwa anamkuta Mama Asia, ndivyo alivyomwita mkewe, ameinamia karatasi anachora, basi anaweka chai mwenyewe na kumwachia.

Mshono wenyewe ulitoka nyuma ya nyumba. Masika yalikuwa yamekaza, nguo hazikauki, na Shadya alisimama mlangoni akisubiri mvua ipungue akaanue. Mbele yake kulikuwa na mgomba, na jani changa lilikuwa linatoka katikati, limejikunja, linaanza kujifungua upande mmoja. Alilitazama kwa siku kadhaa. Likaja kwenye karatasi likiwa mkono wa gauni: marinda yamebanwa begani, yanaachia taratibu yakishuka, mpaka kwenye kiwiko yamefunguka yote, na yote yanatazama mbele. Mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto, inafungukia mbele, kiasi kwamba mwanamke akiinua mikono kushangilia anaonekana kama anawakaribisha watu.

La kwanza alilikata kwenye vipande vya kitenge vilivyobaki. Na hapo, kwa haraka zake, akafanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hugombezwa nalo. Mikono hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, ili upate wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Yeye vipande vilikuwa vidogo, akakata mmoja mmoja, akasahau kugeuza. Alipomaliza kushona akalivaa mbele ya kioo, akaangua kicheko peke yake. Gauni lilikuwa na mikono miwili ya kulia. Mmoja unafungukia mbele vizuri, mwingine, ule wa kushoto, unafungukia nyuma, unamtazama mtu aliyesimama mgongoni. Alilitundika ukutani liwe la kukumbukia, akakata lingine kwa utulivu.

Hilo lingine lilivaliwa na Hellen, mwalimu, mteja wake wa siku nyingi na mwenye roho ya kuthubutu, kwenye sendofu ya mdogo wake mwezi wa kumi na mbili. Kesho yake asubuhi Shadya alikuta mama mmoja amesimama mlangoni pa fremu, mwavuli unadondosha maji, mtu mzima mnene mwenye uso wa ucheshi. Alijitambulisha kuwa anaitwa Sekela, anatoka Masoko, na kwamba usiku wa jana hakula vizuri kwa kutazama mikono ya mwalimu. Binti yake Tulia alikuwa anaolewa mvua zikiisha, na yeye mama wa bibi harusi ndiye aliyepewa kuamua sare ya wanawake wa ukoo.

"Ule mshono umeutoa wapi?" aliuliza.

"Nimeubuni mwenyewe, mama."

Sekela alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akasema ndaga fijo, asante sana, kama vile kapewa zawadi. Akaahidi kwamba sare ni hiyo na fundi ni huyo. Alipotoka, Shadya alifunga mlango akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa akalia kidogo kwa furaha, halafu akaosha uso, akafungua.

Sasa sikiliza mambo yanavyoharibika, yanaharibika kwa nia njema tupu. Kwa kazi ya wanawake wengi hivyo Shadya alihitaji bitana nyepesi lakini inayosimama, la sivyo marinda yangelala. Tukuyu haipo, Mbeya alipata nzito. Abdala alikuwa anakwenda Dar kuchukua mzigo. Na watu wa huku, akisafiri mtu, hawamwelezi rangi wala uzito kwa mdomo. Wanampa kitambaa chenyewe aende nacho akalinganishe, ndivyo mama zao walivyofanya na ndivyo wanavyofanya. Kipande cha kiganja kingetosha. Lakini Shadya, kwa raha aliyokuwa nayo, alisema bora waone gauni zima, wajue marinda yana uzito gani. Na moyoni, tuseme ukweli, alitaka na watu wa Kariakoo walione. La Hellen lilikuwa kwa Hellen. Akalitungua lile la ukutani, lenye mikono miwili ya kulia, akalikunja, akalifunga kwenye mfuko mweusi, akampa mumewe.

Abdala aliliacha kwenye duka la vitambaa. Mwenye duka alisema bitana inayofaa iko stoo, aache sampuli, arudi kesho. Kesho yake alirudi, akapewa bitana na gauni lake, limekunjwa vizuri kuliko lilivyokuja. Nyumbani alisimulia kwamba lilikuwa limetundikwa mbele kabisa ya duka, na jamaa mmoja alikuwa analipiga picha, analigeuza ndani nje. Shadya alimsimulisha habari hiyo mara mbili. Walilipenda? Walilipenda sana, Mama Asia.

Halafu kukawa na kungoja. Kule Masoko kulitokea msiba wa baba mkubwa wa Tulia, na penye msiba hakuna wa kuzungumzia harusi, ikasogezwa mbele kidogo. Sekela alituma salamu kwamba ahadi iko palepale. Bitana ikakaa kwenye rafu. Masika yakaingia, ukungu ukashuka mjini ukakaa, na Shadya alipunguza suruali huku akiangalia rafu.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa tano Abdala aliporudi tena kutoka Dar. Aliingia nyumbani na robota, amelowa, anacheka peke yake, akamwambia binti yao Asia amwite mama yake upesi aje aone. Alikata kamba, akaingiza mkono, akatoa gauni kwenye mfuko wake wa plastiki, jipya, linang'aa, kitambaa kile chepesi cha kiwandani kilichochapwa maua ya kitenge. Akaliinua juu.

"Mama Asia, mshono wako umefika Dar! Kariakoo yote wanauvaa!"

Jamani. Alikuwa anafurahi kwa dhati. Shadya alilishika, akaliona bega, akayaona marinda, na kabla hajajua anachokitafuta macho yake yakaenda mkono wa kushoto. Ulikuwa unatazama nyuma. Akatoa lingine, akatoa la tatu, mwisho alikuwa amekaa katikati ya magauni, saizi zote, rangi zote, na kila moja lilikuwa na mikono miwili ya kulia. Shingoni yalikuwa na lebo nzuri ya kufumwa, jina la kigeni ambalo hakuweza hata kulitamka. Kosa lake mwenyewe, alilolicheka mbele ya kioo, watu waliokuwa mbali huko walikuwa wamelipima kwa futi na kulishona kwa uaminifu wote, tena kwa uzi mzuri kuliko wake.

Abdala alipoelewa, kicheko kilimwisha. Aliketi. Alikuwa ameweka mtaji wote kwenye robota lile, na mengine alishayaacha kwa wenzake wa gulio la Kisiba njiani. Shadya alimwomba asiyauze. Aliomba kwa sauti ya chini, maana Asia alikuwa anasikiliza.

"Nisipouza mimi," alisema Abdala, "Jumamosi utayakuta kwenye meza ya mwingine. Na sisi tutakula nini?"

Hakusema kwa ubaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, angalau Shadya angepata mtu wa kumgombeza. Asubuhi alimsaidia kuyapanga kwa saizi, maana yalikuwa yamevurugika.

Walijaribu, usiseme hawakujaribu. Abdala alimpigia simu mwenye duka la vitambaa, yule akaapa kwamba yeye anauza vitambaa tu, hajui nani alipiga picha, na kwamba mzigo huo uko kwa kila mtu, umeshushwa bandarini kama mizigo mingine, yeye amkamate nani? Shadya akaenda kwa ofisa mmoja anayeshughulika na wafanyabiashara wadogo, kijana mwenye adabu, akampa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama mshono aliusajili mahali popote. Hapana. Ana ushahidi gani kwamba ni wake? Shadya alikuwa amekwenda na lile gauni la kwanza, akalitandaza mezani. Kijana akaligeuza, akalitazama, halafu kwa huruma akasema hili nalo si ni kama yale ya sokoni? Tena lina kasoro ileile. Shadya alifungua mdomo aeleze, akaona maelezo yenyewe yatakavyosikika, akalikunja gauni lake akashukuru. Nje mvua ilikuwa inanyesha ile ya Tukuyu isiyo na haraka, akasimama chini ya paa muda mrefu bila sababu.

Mwezi wa sita mji wote ulikuwa na magauni hayo. Yalivaliwa kanisani, yalivaliwa Iddi, mama muuza ndizi alilivaa lake na shali juu. Na kwa kuwa nguo za kiwandani hazimjui mtu, zilikuwa zinabana kifuani au zinavuta chini, basi zililetwa kwa fundi. Shadya alifumua mbavu za magauni hayo kwa wembe, akapanua, akapunguza, na ndiyo kazi iliyolisha nyumba mwezi ule, hiyo na mauzo ya Abdala. Siku moja binti mmoja aliliona lile la zamani limerudi ukutani, akamtania, "Na wewe fundi umeanza kuchukulia nguo Dar?" Shadya alicheka naye. Alikuwa ameshamweleza mtu mmoja, wa pili, wa tatu, na kila mmoja alimjibu eeh, kwa namna ambayo mtu hujibu mlevi. Hata Hellen, ambaye ndiye aliyejua ukweli, aliacha kuvaa lake. Alisema wenzake shuleni walimwambia la kwake ni feki, mkono mmoja umekosewa.

Bado alikuwa na Masoko. Hilo alijishikilia nalo. Sekela aliahidi, na Sekela alimuuliza uso kwa uso, akajibiwa uso kwa uso.

Alikuja mvua zilipoanza kukatika, amekaa nyuma ya bodaboda na mfuko mapajani. Shadya alimwona akishuka, akapangusa kiti, akaamkia. Sekela aliitikia marahaba mwanangu, ugonile, hujambo, akauliza habari za mtoto na za baba wa mtoto, akakaa, akapumua. Halafu akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kitambaa cha maua, kilekile cha kiwandani, na juu yake gauni moja, lenye lebo.

Alieleza bila kuona aibu, maana hakuona la kuonea aibu. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshanunua ya kwao yaliyo tayari, kwenye gulio lao palepale Masoko, kwa kijana mmoja mpole sana mwenye pikipiki. Bei nzuri, rangi moja. Tatizo ni yeye na dada zake wawili, miili yao haikupata saizi. Kitambaa wamekipata. Alikuwa anaomba awashonee matatu, yafanane na hili hapa.

Shadya alijua kijana mpole mwenye pikipiki ni nani. Alichukua futi akaanza kumpima, kwa kuwa mikono ilihitaji kufanya kitu.

"Nilidhani mshono ni wako," Sekela alisema taratibu, ameinua mikono apimwe kifua. "Kumbe uliuona Dar kama wengine. Si vibaya, mwanangu. Ungeniambia tu."

"Mama, ni wangu. Wao ndio walioutoa kwangu."

Sekela alimtazama. Aliitazama na ile lebo ya shingoni, iliyofumwa vizuri. Akasema sawa, mwanangu, akampigapiga mgongoni. Shadya aliandika vipimo.

Alishona wiki nzima. Hakushona kwa hasira. Alishona kama mtu anayetoa ushahidi. Alitumia ile bitana iliyongoja kwenye rafu, hakuidai bei, akakunja kitambaa sawasawa, akakata mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, akapiga pasi kila rinda mpaka likasimama. Alitaka Sekela asimame mbele ya kioo, ainue mikono, aone yote miwili inafungukia mbele kama jani, na aelewe mwenyewe bila kuambiwa. Mtu mwenye macho ataona. Alijiambia hivyo kila alipochoka.

Siku ya kujaribisha Sekela alivaa, akajigeuza, akasifia kifua, akasifia kiuno, akasema tangu azaliwe hajavaa kitu kilichomkaa hivi. Akainua mikono. Akaichukua ile sampuli ya dukani, akailinganisha na bega lake la kushoto, akatikisa kichwa polepole.

"Huu umekosea," alisema. "Wa kushoto unatakiwa utazame nyuma. Ona huu wenyewe."

Shadya alisema kwamba mikono ya nguo hutazama upande mmoja, kwamba huu ndio ulivyo sahihi, kwamba lile la dukani ndilo lililokosewa. Sekela hakukasirika. Alikuwa mama wa bibi harusi, mwenye mambo mengi kichwani, na alikuwa anampenda fundi huyu. Alieleza kama anavyoelezwa mtoto: watasimama mstari mmoja kupigwa picha, wanawake wote wa ukoo, mikono yao ya kushoto inatazama nyuma, wao watatu peke yao inatazama mbele. Watu watasema wamevaa ya kuigiza.

"Usijisikie vibaya," aliongeza, akimshika shavu. "Kuiga kazi ya mtu si rahisi. Kila mtu hukosea."

Shadya alijikaza. Alisema ndiyo, mama.

Sekela alikubali kungoja palepale. Shadya akachukua wembe akafumua bega la kushoto, uzi baada ya uzi, na rinda alilolisimamisha kwa pasi likalegea mapajani mwake. Kitambaa cha ziada kilikuwepo. Alikitandaza mezani akakata mkono mwingine, na alipouweka begani akakuta unatazama mbele. Vidole vilikuwa vimekigeuza vyenyewe, kwa mazoea. Akatupa kile kipande. Akaweka mkono wa kulia uliomalizika mbele yake, akauangalia, akakata wa pili kwa kuufuata huo huo bila kugeuza, polepole, kama alivyofanya siku ile kwa haraka.

Alipomaliza, Sekela alivaa tena, akasogea kwenye kioo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, uso wake wote ukafunguka.

"Sasa," alisema, "hapo ndio wenyewe."

Shadya alimfungua zipu avue, akayaweka kando magauni ya dada zake ili ayarekebishe jioni, akamsindikiza mpaka barabarani kumtafutia bodaboda. Sekela alimwambia siku ya harusi aje, tena aje na mume wake, wale pamoja. Shadya alisema watakuja.